Banda la farasi pwani ya mashariki: mikono mizuri, mkataba wa ukurasa mmoja

Kwa wanaoniuliza yule farasi wa mwanangu namweka wapi na nalipa nini, jibu nalitoa hapa mara moja, refu, ili nisilirudie kila harusi. Yuko kwenye banda moja la pwani ya mashariki, Mkoa wa Kusini Unguja, analishwa na kulazwa kwa malipo ya mwezi. Jina la banda silitaji. Nitasema mazuri yao na mabaya yao, na mabaya mengine wameshayatengeneza; sipendi mtu avunjiwe riziki kwa jambo alilokwisha kulirekebisha. Ukiwa na farasi, au hata punda wa gharama, na unataka kumkabidhi mtu mwengine amtunze, haya yatakufaa uwe Unguja au Pemba.

Mimi mwenyewe sipandi farasi. Magoti yangu hata daladala hayaipandi vizuri. Marjani ni wa mwanangu wa kiume, alimnunua kwa mgeni mmoja aliyefunga biashara akarudi kwao, kisha kijana naye akapata kazi Maskati. Akaniachia farasi jike wa kilo kama 400, tandiko, hatamu, lijamu mbili, na maneno matatu: "Mama, niangalizie farasi." Kwangu Mpendae, mjini, nyumba zimebanana, farasi ningemweka wapi, ukumbini? Lakini karatasi nazijua. Nimekuwa karani wa mahakama mpaka nikastaafu. Nimeandika kesi za minazi, za mipaka, za ng'ombe aliyekula muhogo wa jirani, na nyingi zilikuwa za watu waliopendana, waliopeana mnyama kwa mdomo tu, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye atakayelipa dawa.

Banda lenyewe ni zuri. Paa la makuti, la juu, pande mbili zimeachwa wazi kwa upepo, na kila chumba kina kama mita tatu na nusu kwa tatu na nusu, farasi anageuka na kulala bila kujigonga. Makuti nayasifu makusudi: niliingia banda jengine lililoezekwa mabati, saa saba za mchana, nikatoka kabla sijauliza bei. Chini wamefukia kifusi kikashindiliwa, juu yake wanamwaga maranda wanayoyachukua kwa maseremala. Kinyesi kinazolewa asubuhi na jioni, na wenye bustani za mchicha wanakuja kukichukua wenyewe, kwa hivyo hakuna lundo la kuzalisha nzi. Masika yakiingia tope haliepukiki, ila kwato zinatazamwa: kila jioni mguu unanyanyuliwa, unachokolewa, unapanguswa. Harufu ya kwato inayooza ukiinusa mara moja huisahau, na pale sijaikuta.

Saisi wao, yaani mtunza farasi, mtu mzima wa huko huko shamba, ndiye anayelibeba banda zima. Maneno hana. Siku moja nikamuuliza kwa nini farasi wanalishwa kwenye hori na makarai na hawatupiwi majani chini kama ng'ombe. Hakunijibu. Akaokota mabonge sita ya kinyesi kipya cha Marjani, akayatia kwenye ndoo ya maji, akayavuruga kwa kijiti, akaiacha ndoo kivulini na kwenda kumtekea maji farasi mwengine. Aliporudi akamimina yale maji polepole. Uchafu ukaenda na maji, chini ya ndoo ukabaki mchanga mweupe, ule ule wa pwani.

"Anaula pamoja na majani," akasema. "Huu mchache, Bi Mkubwa. Ukizidi kijiko cha chai ndio tunaanza kulihofia tumbo."

Mchanga hautoki wote. Unatuama utumbo mkubwa, unajikusanya wiki hadi wiki, na siku moja farasi analala chini anajigaragaza. Nilipoiona ile ndoo nikajua mikono ya pale ni mizuri. Nikaomba sasa nione mkataba.

Nikaletewa ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Jina la mwenye farasi, jina la farasi, ada ya mwezi shilingi 350,000 ilipwe kabla ya tarehe 5, na kwamba banda halihusiki na lolote litakalotokea kwa namna yoyote ile. Saini. Basi. Nikamuuliza meneja, kijana mstaarabu kweli, mbona hapa farasi mwenyewe hayumo? Akacheka. "Mama, sisi hatujawahi kugombana na mteja." Nikamwambia: mwanangu, Suratul Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, inahimiza watu wanaokopeshana waandikiane na waweke mashahidi, na haikuwangoja wagombane kwanza. Akanikubalia tukae. Tulikaa barazani kwake zaidi ya mara moja, yeye na kahawa yake, mimi na kalamu yangu, na mwanangu akisikiliza kwenye simu kutoka Maskati.

La kwanza tulilotia ni Marjani mwenyewe: rangi, nyota nyeupe kwenye paji la uso, kovu la goti la kulia, umri kwa meno, na picha za pande nne zilizopigwa siku ile ile aliposhushwa, kwato zote nne zikionekana. Mnyama anapokwenda kuchukuliwa baada ya mwaka, kila mtu anakumbuka alivyokuwa kwa namna inayomfaa. Na vifaa vyake tukaviorodhesha kimoja kimoja. Hili meneja aliliona la kizee, mpaka nilipomwonesha lijamu yetu ya pili ikiwa mdomoni mwa farasi wa mtu mwengine. Hakukuwa na wizi, walichanganya tu. Lakini lijamu ni chuma cha mdomoni, kila farasi na kipimo chake.

Chakula ndipo tulipobishana kwa hesabu. Kwao iliandikwa "atalishwa". Nikamuuliza saisi anampa kiasi gani, akasema mpaka ashibe. Farasi hashibi, kazi yake ni kutafuna mchana kutwa na usiku. Daktari wa mifugo ndiye aliyetupa kipimo: chakula kikavu kwa siku kiwe kama asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake. Kwa Marjani ni kilo 6 hadi 8. Sasa majani mabichi wanayokata huku kwetu sehemu kubwa ni maji, kwa hivyo ukitaka kilo 8 kavu inabidi ukate kama kilo 40 mbichi. Hapo matita mawili aliyokuwa akipewa hayatoshi, na zile pumba walizokuwa wakimwongezea ili aonekane mnene hazizibi pengo. Pumba zinamjaza gesi. Majani ndiyo yanayoliendesha tumbo la farasi. Mkataba wetu sasa unataja kilo za majani, kiasi cha pumba, na jiwe la chumvi la kulamba, na unasema pumba zilizoota ukungu zinatupwa, hazianikwi juani zikarudishwa. Mahindi yaliyoingia kuvu yana sumu inayoua ubongo wa farasi, na dawa yake haipo.

Pia tuliandika nani anabeba bei ikipanda. Miezi ya Kaskazi, mvua za Vuli zikishakwisha, majani karibu na pwani yanakauka na gari inabidi iingie ndani zaidi kuyafuata. Banda lilikuwa likipandisha ada ghafla, mwezi huu huu, kwa ujumbe wa simu. Sasa ada haipandi bila taarifa ya siku 30, na nyongeza inaelezwa ni ya nini.

Maji nisingeyataja, ila kisima cha pale, kama visima vingi vya pwani, kina chumvi. Farasi anakunywa lita 25 hadi 50 kwa siku na joto likizidi anapita hapo. Maji yasipompendeza hanywi, na asipokunywa kinyesi kinakauka tumboni, na huko ndiko tunakokuogopa. Wanayanunua ya gari na kuyahifadhi tangini. Nimeandika: maji ya tangi, ndoo hazikai tupu, zinasuguliwa kila asubuhi. Wanafanya. Hapa nawapa alama zote.

Sasa nije kwenye usiku ule, maana bila ya usiku ule mkataba wangu ungekuwa wa karani tu.

Ilikuwa baada ya Isha. Meneja ananipigia: Marjani hali, analala na kuinuka, anageuza shingo kulitazama tumbo lake, jasho linamtiririka. Mwanangu namtafuta simu imezimwa. Maskati wako mbele yetu saa moja na yeye alikuwa zamu ya usiku. Daktari yuko mjini, na kutoka mjini mpaka kule ni mwendo wa karibu saa nzima hata barabara ikiwa tupu. Daktari, na wala simlaumu, akauliza maswali mawili: nani ananiruhusu kumtibu, na nani analipa? Meneja akafungua ule ukurasa wao wa zamani, kwa kuwa mpya tulikuwa hatujausaini. Umeandika "mwenye farasi ataarifiwa". Akishataarifiwa? Asipopatikana? Hakuna neno. Kijana amesimama na tochi, farasi anajigaragaza, na anaogopa kusema "njoo" kwa sababu hajui kama hizo fedha atarudishiwa.

Nikasema mimi ndiye mama yake, njoo, nalipa. Daktari akaja, akapitisha mpira puani mpaka tumboni, akampa dawa ya maumivu na mafuta ya kulainisha. Watu wengi hawajui kwamba farasi hawezi kutapika. Kilichoingia hakirudi njia kilikopitia. Gesi na maji yakizidi, tumbo linaweza kupasuka. Ndiyo maana saa moja ya kusubiri ruhusa si saa moja ya mbuzi. Saisi alimtembeza taratibu uwanjani, hakumpa chakula hata punje, na kabla ya Alfajiri Marjani akatoa kinyesi. Sijapata kufurahia mavi namna ile.

Kifungu kilichozaliwa usiku ule ndicho ninachomshauri kila mtu akitie kabla ya ada, kabla ya jina la farasi. Kwetu kinasema hivi. Kuna simu tatu kwa mpangilio: mwanangu, mimi, na mjomba wake wa Jang'ombe. Asipopatikana hata mmoja ndani ya nusu saa, banda linamwita daktari bila kungoja, na mwenye farasi atalipa mpaka kiwango tulichokitaja. Kupita kiwango hicho lazima sauti ya mmoja wetu isikike. Na lile la mwisho kabisa, la kumpumzisha farasi asiyeponyeka, daktari aandike kwa mkono wake kwamba hakuna njia nyengine, na mashahidi wawili watie saini. Mwanangu alinyamaza muda mrefu kwenye simu tulipolisoma hilo. Kisha akasema andikeni.

Pamoja nacho tukaweka daftari. Kila asubuhi saisi anaandika: amekula, amekunywa, ametoa kinyesi, anatembea sawa. Wamenunua na kipimajoto. Joto la farasi mzima ni kati ya 37.5 na 38.5, na mapigo ya moyo akiwa ametulia ni 28 hadi 44 kwa dakika, na namba hizo zimebandikwa mlangoni mwa ghala. Zamani ukiuliza "hajambo?" unajibiwa "hajambo". Sasa nasomewa namba.

Kuhusu chanjo meneja alikuwa na hoja yake: kisiwa hiki hakina maradhi ya bara. Ana haki nusu. Mbung'o walimalizwa Unguja kwa kumwagwa madume waliotiwa utasa, waliozalishwa Tanga na kurushwa kwa ndege. Wa mwisho alinaswa 1996, na 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Kwa hivyo nagana, maradhi yanayoletwa na mbung'o, iliyokuwa ikiwamaliza farasi wa misafara kule bara, hapa haitukoseshi usingizi. Lakini kupe wapo. Pepopunda ipo popote penye msumari na kinyesi, na farasi anashikwa nayo upesi kuliko wanyama wengi. Maradhi mabaya ya farasi ya Afrika yanabebwa na vijidudu vidogo kuliko mbu, vinavyouma magharibi na alfajiri. Ndiyo maana kwetu kumeandikwa kwamba jua likizama Marjani awe ndani. Na farasi mgeni akishuka kutoka bara, analazwa peke yake wiki tatu, na ndoo yake na brashi yake, kabla hajachanganywa. Hili la mwisho banda lilikuwa halina nafasi ya kulifanya. Wamejenga chumba kimoja upande wa pili wa uzio. Kidogo, lakini kipo.

Fundi kwato anapita kila baada ya wiki 6 hadi 8. Analipwa mbali, nje ya ada. Kazi yake safi.

Malalamiko yangu makubwa kwa banda hili yalikuwa haya. Mtoto wa dada yangu alinirushia picha ya ufukweni: Marjani, ile nyota yake haifichiki, na mgongoni kakaa mtalii jitu zima, miguu inaning'inia mpaka karibu na mchanga. Nikampigia meneja.

"Mama, farasi akikaa bure miguu inajaa maji."

"Kweli inajaa. Basi mtembezeni. Kumtembeza na kumkodisha ni kitu kimoja?"

Kimya.

"Hiyo fedha ya mtalii iko wapi?"

Hapo akaanza "Mama, tuyazungumze". Na kwa haki yake, tuliyazungumza, na hakunificha kwamba mabanda mengi yanafanya hivyo na wenye farasi wanajua, kwa kuwa ada inapunguzwa. Shida ni kwamba sisi hatukujua na ada haikupunguzwa. Sasa imeandikwa: Marjani anaweza kutoka na mgeni mara moja kwa siku, asubuhi au alasiri, mchana hapana, siku tano za wiki, na kwa hilo theluthi ya ada inaondoka. Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani kilo 80 kwa Marjani. Mtalii mzito apewe farasi mkubwa, wanao. Nilidai mizani, wakanunua ya kupimia watu, wameiweka kando ya kofia ngumu, na nasikia kuna wageni wanaoitazama kama mlango wa msalani ulioandikwa jina lao. Kofia ni lazima, akianguka ni jambo la banda na mgeni wake, sisi hatumo. Hilo nalo limeandikwa kwa maneno hayo hayo.

Na mwani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna mkataba wa Uingereza wala Marekani utakaokukumbusha mwani. Pwani ile wanawake wanalima mwani tangu 1989, kwa kamba na vigingi, na wanaingia mashambani kwao wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa. Wakati huo huo ndio ufukwe unakuwa mpana na mgumu, na ndio kila mpanda farasi anataka kukimbiza. Farasi mmoja wa banda, si Marjani, alikata kamba za mama mmoja na kukanyaga mwani uliokuwa karibu kuvunwa. Banda likasema ni kosa la mpandaji, mpandaji alishapanda ndege, mwenye farasi akasema mimi nilikuwa mjini nimelala. Yule mama akalipwa, lakini baada ya kuzungushwa mpaka kwa sheha. Kwetu kumeandikwa: farasi akiwa mikononi mwa banda au mgeni wa banda, uharibifu wa mwani, nyavu, bustani au mtu unalipwa na banda, akiwa mikononi mwa mwanangu au sisi jamaa zake, tunalipa sisi. Na wanapita juu, upande wa minazi, maji yakiwa yamekupwa na kina mama wako kazini. Meneja aliniambia hicho ndicho kifungu alichokinakili akawapa wateja wake wote.

Kile cha "banda halihusiki na lolote" nilikikata kwa mstari mmoja wa kalamu. Nimekaa miaka mingi nyuma ya hakimu. Karatasi inayosema mtunzaji hahusiki hata akizembea ni ya kumtisha asiyesoma. Na hata kwa dini yetu, aliyewekewa amana halipishwi kwa kudra, anaulizwa uzembe wake. Tukaandika basi uzembe ni upi: lango kuachwa wazi, uzio uliolegea kutotengenezwa baada ya kuambiwa, chakula kilichooza, daktari kutoitwa. Radi ikimpiga, si wao. Akitoka kwa lango lililoachwa wazi akagongwa barabarani, ni wao.

Upande wa deni hawa jamaa walikuwa hawajaandika kitu, lakini kwa mdomo wanasema asiyelipa farasi wake "anakaa". Anakaa mpaka lini? Nimeona ng'ombe aliyeshikiliwa kwa deni akala deni mara mbili ya bei yake. Tumekubaliana: miezi miwili bila malipo, barua ya kwanza, siku 30 baadaye, barua ya pili mbele ya sheha, ndipo banda linaweza kumuuza, kwa bei ya haki, linachukua chake na kilichobaki kinarudi kwa mwenyewe. Na hata wakati wa kudaiwa farasi anakula kama kawaida. Kuondoka, kila upande unatoa taarifa ya mwezi mmoja, isipokuwa mnyama akiwa hatarini. Hapo namchukua siku hiyo hiyo.

Nakala ni mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa ajili ya mwenye banda ambaye ni mgeni, na zikitofautiana ya Kiswahili ndiyo inayofuatwa. Alisitasita hapo. Nikamuuliza, saisi anasoma ipi? Akasaini. Sheha akashuhudia, na mjomba wa Jang'ombe.

Yasiyonipendeza mpaka leo: risiti hawatoi mpaka uombe. Jumapili wageni wanajaa na farasi wengine wanarudi wamechoka, Marjani hayumo, lakini macho yanaona. Choo cha wageni ni kizuri kuliko chumba anacholala kijana wa zamu ya usiku, na huyo ndiye atakayesikia farasi akijigonga saa tisa za usiku. Nimelisema, nimeahidiwa, chandarua kimekuja, kitanda bado. Na kifungu cha maziko hawajakikubali. Farasi wa kilo 400 akifa, nani anachimba, wapi, mbali gani na kisima, na gharama ya nani? Kila nikilifungua meneja anasema, "Mama, tusimwombee mauti." Simwombei. Nataka ijulikane nani ana jembe.

Kwa bei ile, na theluthi ikiwa imetoka, naona nalipa haki. Farasi anang'aa, mbavu huzioni ila ukizipapasa unazigusa, ambavyo ndivyo daktari anavyotaka. Mwanangu akija likizo anampanda mpaka maji yanapoanza kujaa, na saisi anamkabidhi hatamu bila maneno, kama kawaida yake.

Anayetaka kupeleka farasi kabla ya Masika afanye upesi, nafasi zilizobaki ni mbili, na moja wanaibakisha kwa farasi wagonjwa, msikubali kupewa hiyo. Mwambieni meneja mnataka mkataba mrefu. Ule wa ukurasa mmoja bado anao kwenye mtoto wa meza, na asiyeuliza ndio anaopewa.